Barua ya Kumhamisha Mama Posho

Sababu za vita nilizisoma nikiwa nimekalia dawati la mtoto wa darasa la pili. Magoti yaligusa masikio, na nikitaka kuinua mkono niulize swali ilibidi kwanza niombe goti ruhusa. Hiyo ilikuwa gumbaru, shule ya jioni ya watu wazima, katika shule moja ya msingi hapa Kitengela, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Siku hizo punda milia walikuwa wengi kuliko wapangaji, na mtu akijenga nyumba ya mawe tulienda kuitazama baada ya ibada, familia nzima, na nguo za Jumapili.

Darasa lilikuwa moja na mwalimu mmoja. Alichora mstari wa chaki katikati ya ubao. Kushoto aliandika a, e, i, o, u kwa waliokuja kujua kusoma, na kulia historia ya kidato cha tatu kwa sisi tuliotaka cheti. Mimi nilikuwa mtu wa kulia. Mchana nilikata vitambaa katika kiwanda cha nguo za kupelekwa ng'ambo, na jioni nilikuja kukatwa na usingizi.

Dawati nililigawana na mama mmoja wa kushoto. Alikuwa na mashine ya posho karibu na barabara, na mtaa mzima ulimwita Mama Posho, hata mchungaji akimwombea. Alitoka mkoa wa Kati, kwenye milima na majani chai. Mimi nilitoka magharibi, kwenye miwa na kwaya. Yeye alikuwa na mwili wa mtu mwenye biashara na mimi mwili wa mtu wa mshahara, kwa hivyo dawati lilikuwa lake robo tatu.

Jioni moja mwalimu akauliza upande wa kulia, "Ni nini husababisha vita vya wenyewe kwa wenyewe?"

Nilisimama haraka, dawati likasimama na mimi. "Ni hali mbaya ya uchumi, mwalimu, ikichochewa na mgawanyo usio sawa wa rasilimali."

"Vizuri sana."

"Ni kukosa unga," Mama Posho akasema bila kuinua mkono, "na jirani yako awe nao."

"Mama, wewe bado uko kwa silabi," mwalimu akamwambia. "Rudi kushoto."

Darasa lilicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Mama Posho mwenyewe alicheka kuliko wote, na mimi nikabanwa ukutani na kicheko chake.

Tulimaliza wote wawili. Mimi nilipata C ambayo nikiisimulia mbele ya wageni huwa B. Yeye alijua kusoma, na kwa mwezi mzima hakupita kibao bila kukisoma kwa sauti: kinyozi, bucha, mbwa mkali. Cheti changu nacho hakikunipandisha cheo kiwandani hata nusu ya ngazi, lakini mtaani kilinifanya katibu wa kila kitu. Nilikuwa katibu wa kanisa, wa kamati za mazishi, wa wapangaji wa ploti yetu. Watu wa kwetu hawawezi kukaa watatu bila mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Ukikuta wawili tu, wanamngoja mweka hazina.

Mama Posho naye alipanua biashara. Alijifunza kusaga unga wetu mweusi, ule wa mtama na muhogo, na alisafisha mashine kwanza ili usichanganyike na mahindi ya watu wengine. Mke wangu alisema tangu tuhamie Kitengela hakuwahi kuona unga laini hivyo. Ukipiga chafya karibu na debe, chakula chote kinahamia kata jirani. Tulipopata mapacha alituletea uji wa mwezi mzima, na kutoka siku hiyo akaniita Baba Mapacha.

Sasa nieleze vile uchumi ulivyotuingia, maana hauingii kama vitabuni. Kwanza oda zilipungua kiwandani. Zamani wakataji tulikuwa wengi mpaka tukagongana viwiko. Mwaka mmoja baadaye ungeweza kuchunga mbuzi kwenye ile sakafu. Waliobaki, mimi nikiwemo, tuliitwa siku tatu kwa wiki. Kisha mvua ikakataa. Wamasai waliokuwa majirani zetu walipoteza ng'ombe, wakauza ardhi ili wanunue ng'ombe, nao ng'ombe wapya wakafa vilevile. Ardhi ilienda kwa bei ya kutupa. Nilimwona kwa macho yangu mtu akinunua eka bila kushuka kwenye gari. Alipunguza tu mwendo.

Basi kila mtu akawa na hesabu yake kichwani. Mmasai aliona ardhi imeenda. Wenye maduka waliona wateja hawaji. Sisi wa kiwandani tulikaa kwenye mawe nje ya ploti tangu asubuhi, tukiwaangalia wenye maduka wakifungua maduka, na kuangalia huko hakukuwa kuzuri. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba fungu lake limeliwa na mwenzake.

Halafu ukaja uchaguzi wa mwisho wa mwaka, ule ambao matokeo yalitangazwa na nchi ikapasuka, watu wa magharibi huku na wa Kati kule. Mnaujua, sina haja ya kuusimulia. Redio ilituletea moshi kila saa. Binamu yangu alipiga simu kutoka magharibi akisema amelala msituni siku tatu, na simu ikakatika kabla sijamuuliza na nani. Kwingine hawakuitisha mkutano wala hawakuandika kumbukumbu. Waliwasha kiberiti tu.

Sisi tuliitisha mkutano.

Ulikuwa wa Jumanne, saa nne asubuhi, uani kwa mtu aliyekuwa msimamizi wetu wa wakataji kabla ya kuachishwa kazi, na sasa alikuwa mwenyekiti. Tulifika wanaume kumi na wanane, wote wa magharibi, na hakuna aliyechelewa. Mimi niliyewahi kuandika mara mia "mazoezi ya kwaya yaliahirishwa kwa kukosa watu" nilishangaa sana. Wakati tulikuwa na kazi hatukuweza kujaza safu ya besi. Sasa hatukuwa na kazi, na jeshi lilijaa mpaka wengine wakakalia ndoo.

Tulianza na maombi. Mwenyekiti akasoma ajenda: usalama, wafanyabiashara wa upande ule, na mengineyo. Chai ilikuwa ya rangi, kwa sababu waliotuuzia maziwa walikuwa ajenda ya pili.

"Ndugu zangu," mwenyekiti akasema kwa sauti yake ya kiwandani, "kule nyumbani watu wetu wanalala msituni. Na sisi hapa tunasagiwa unga na hao hao!"

"Na anasaga vizuri," mtu akasema kutoka nyuma.

"Nani amesema hivyo?"

Ndoo moja ililia.

"Katibu, hiyo usiandike."

Nikaifuta.

Azimio likapita: Mama Posho apewe siku tatu ahame, na mashine ibaki kwa niaba ya jamii. Mimi nilitaka kusema kitu. Nataka hilo lijulikane, ingawa halinisaidii. Lakini nilikuwa na kalamu mkononi, na mtu mwenye kalamu hujiona tayari ana kazi ya kutosha. Nikauliza tu kama barua iandikwe kwa Kiswahili ama Kiingereza. Wakasema Kiswahili, ili asije akasema hakuelewa.

Niliiandika vizuri. Juu niliweka KUH: KUHAMA KWAKO, nikapiga mstari kwa rula. Nikaanza, "Tunatumai barua hii itakupata ukiwa mzima wa afya," kwa sababu ndivyo barua huanza, na mkono ulikuwa umeshazoea. Kisha siku tatu, kisha mashine ibaki, kisha "asante kwa ushirikiano wako." Mwishoni mwenyekiti alisema majina kumi na manane yatajaza karatasi bure. Asaini katibu kwa niaba ya wote. Nikasaini.

Na nani aipeleke? Katibu, bila shaka. Mlitaka nani?

Nilimkuta akifagia mbele ya mashine. Hakukuwa na mteja hata mmoja. Nilikuwa nimebeba barua mkono mmoja na debe dogo la mahindi mkono wa pili, kwa sababu mke wangu aliponiona natoka aliniuliza naenda wapi, nikasema kwa Mama Posho, naye akanipa debe. Angefanya nini? Hakujua.

Mama Posho alipangusa mikono kwa leso, akafungua barua, akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Alisoma polepole, kwa sauti, vile alivyosoma vibao. "Tu-na-tu-ma-i..." Nilisimama pale nikisikiliza mwandiko wangu ukitoka kwa mdomo wake silabi kwa silabi. Nasema ilichukua saa sita. Mke wangu anasema nilirudi baada ya dakika ishirini.

Alipomaliza akaigeuza kuona nyuma, kisha akairudisha mbele.

"Umesahau tarehe," akasema. "Siku tatu kutoka lini?"

"Kutoka leo, nafikiri."

"Usifikiri, andika. Leta kalamu." Akaiweka tarehe mwenyewe, juu kulia, mahali pake. "Na hii, Baba Mapacha, umeandika wewe?"

"Ni uamuzi wa mkutano."

"Sijauliza mkutano. Nimeuliza mkono."

"Mkono ni wangu."

"Ni mzuri. Umenyooka." Akakunja barua mara mbili, akaitia kifuani. Kisha akaangalia debe. "Mama mapacha ako na unga?"

"Wa kesho tu."

Akachukua debe, akawasha mashine. Iliponguruma sikusikia tena kama alikuwa anasema kitu. Nilirudi nyumbani na unga wa moto mikononi.

Mkutano wa pili ulikuwa siku iliyofuata, na ajenda ilikuwa moja: nani ataendesha mashine. Hapa ndipo vita vilipoanza kweli, ila vilianza kwetu. Mmoja alisema yeye ni fundi wa mota. Mwingine alisema fundi si mwenye mali, mwenye mali ni jamii. Wa tatu akauliza jamii itakula saa ngapi na kwa zamu gani. Mtu aliyesema anasaga vizuri akataka aachiwe mkanda tu, hata kama wengine watachukua mashine. Kamati ndogo ikaundwa, ikagawanyika, ile iliyogawanyika ikaunda kamati nyingine. Kufika saa sita kulikuwa na kambi tatu uani, zikinyang'anyana mashine ambayo wakati huo huo tuliisikia ikinguruma kando ya barabara, ikisaga mahindi ya wake zetu.

Katikati ya kelele ikaingia pikipiki. Aliyepanda alikuwa Mmasai wa makamo, mwenye koti la suti juu ya shuka. Ndiye mwenye kile kipande cha ardhi ambapo kibanda cha mashine kimesimama. Mama Posho alikuwa mpangaji wake. Hakushuka.

"Sopa!"

"Hepa," tukaitikia wote kumi na wanane. Salamu haikatai mtu.

"Nasikia mnagawana mashine," akasema. "Mimi sina neno na mashine. Lakini imekaa kwa shamba yangu. Huyo mama ni mtu mmoja, akichelewa kodi naenda kumkalia kwa mlango. Nyinyi ni wangapi?"

"Kumi na wanane," mwenyekiti akasema kwa fahari.

"Sasa nikalie mlango ya nani?"

Mwenyekiti alianza kutuhesabu upya.

"Alafu mko wa huko magharibi, wao ni wa huko milimani, na mnapigana hapa kwangu. Si mngepigania huko kwenu? Mimi nikitaka vita nitaenda kuwasha moto kwa shamba yenu?" Akacheka, akapiga pikipiki teke, akaenda. Mtu mmoja naye alicheka, akatazamwa mpaka akakohoa.

Maneno hayo yalimchoma mwenyekiti, lakini si pale nilipotarajia. Akasema jambo moja ni kweli: watu kumi na wanane bila kikundi ni genge. "Sisi si wezi," akasema. "Tutajiandikisha." Wakapiga makofi. Katibu aende Kajiado, kwa ofisi ya serikali, akaandikishe kikundi, halafu kikundi kichukue mashine kisheria. Nasema tena ili muone sijatunga: nilitumwa na jeshi nikalichukulie cheti.

Magari yalikuwa machache. Nilipata nafasi nyuma ya pikapu iliyopeleka mbuzi sokoni Kajiado, na mbuzi mmoja alikula ukurasa wa mwisho wa kumbukumbu, ule wa mengineyo. Ofisini nilimkuta mama mmoja wa sweta, na redio chini chini. Alisoma kumbukumbu zangu akiguna.

"Zimeandikwa vizuri," akasema. "Umesomea wapi?"

"Gumbaru."

"Hongera. Madhumuni ya kikundi ni kuendesha mashine ya posho. Hiyo mashine mko nayo?"

"Tutakuwa nayo."

"Mnanunua?"

"Iko mahali."

"Kwa nani?"

"Kwa mama mmoja."

"Anawapatia?"

Nilitazama kalenda ukutani. Ilikuwa na picha ya twiga, na twiga naye alinitazama.

"Yuko kwa harakati ya kuhama," nikasema.

Mama wa sweta alizima redio. Alinisoma usoni vile alivyosoma zile karatasi, lakini kwa makini zaidi. Kisha akanirudishia zote, akizipanga kingo kwa kingo.

"Rudi na nakala ya kitambulisho ya kila mwanachama," akasema. "Kila mtu aandike jina lake kamili na nambari, na aweke sahihi chini ya hili azimio la mashine. Wewe peke yako haitoshi. Na huyo mama pia aje asaini kwamba ametoa. Mimi niko hapa kila siku mpaka saa kumi na moja."

Mkutano wa tatu ulikuwa mfupi. Niliweka karatasi mezani, azimio juu, na mistari kumi na minane chini yake. Nikaweka kalamu. Nikaomba vitambulisho.

Mwenyekiti alipapasa mifuko, akakumbuka chake kilifuliwa pamoja na suruali. Wa pili alikuwa ameacha chake magharibi, ndani ya sanduku la mama yake. Fundi wa mota akauliza hizo nambari zitakaa Kajiado mpaka lini. Nikasema serikali hutunza karatasi milele. Mtu wa mkanda akasema yeye alikuja tu kwa sababu ya chai. Mmoja baada ya mwingine wakakumbuka mahali walipotakiwa kuwa, watu ambao kwa mwaka mzima hawakutakiwa mahali popote.

"Basi katibu asaini kwa niaba yetu," mwenyekiti akasema, "kama kawaida."

"Wino umeisha," nikasema.

Ingekuwa vizuri kama ningesema kwamba nilisimama nikakataa kwa sauti. Nilisema wino umeisha, na kalamu ilikuwa pale mbele yetu, nimeinunua Kajiado.

Siku ya tatu ikapita. Ya nne Mama Posho alifungua saa moja kama kawaida, na foleni ya kwanza ilikuwa ya wake wa wanaume wa azimio. Hakumbagua mtu. Wiki chache baadaye wakubwa walipeana mikono kwenye televisheni, kiwanda kikapata oda ya suruali, tukaitwa siku sita kwa wiki. Mwenyekiti alirudishwa kazini. Akatukaripia kwa kuchelewa, nasi tukafurahi kukaripiwa. Mkutano wa nne ulikuwa wa kufuta azimio rasmi. Walikuja watatu, na mimi. Haukuendelea.

Nilianza kujidanganya kwamba yameisha. Nilikwenda kusaga kama zamani na kumtania kama zamani, naye alijibu vizuri. Lakini aliacha kuniita Baba Mapacha. Aliniita katibu.

Mvua ziliponyesha mwaka huo, na majani yakaota mpaka kwenye paa za vibanda, nilifika na debe langu nikakuta mlango uko wazi, mashine imefunguliwa bolti, na lori limerudi kinyumenyume mpaka karibu. Alikuwa amepata mnunuzi kutoka Kimana, huko kwenye vitunguu. Mwenyewe alikuwa anahamia Embulbul, kwa dada yake.

"Mama, unahama sasa?" nikamuuliza. "Si mambo yametulia?"

"Yametulia sana."

"Na biashara?"

"Iko sawa, kuliko zamani."

"Kama ni ile barua, unajua ilikuwa ya watu kumi na wanane."

"Wale wengine sijui kama walikuwa," akasema. "Sijaona majina yao. Hapo kwa karatasi uko wewe." Hakusema kwa hasira. Alikuwa anafunga kamba ya godoro, akinisubiri nishike upande wa pili, na nikashika. "Zamani nikikuona nilikuwa naona mtu. Siku hizi nikikuona nasoma."

Mimi ambaye sikosi neno, ambaye nimewahi kuhutubia mazishi ya mtu nisiyemjua mpaka mjane akaniuliza tulisoma wote wapi, nilivuta kamba tu.

"Kaza," akasema. "Barabara ni mbaya."

Nikakaza. Akapanda mbele, akafunga mlango, akateremsha kioo kuniambia niende kwa ile mashine mpya karibu na soko, niwaambie wasafishe kwanza kabla ya kusaga muhogo, la sivyo watanichanganyia. Lori likaondoka. Niliinua debe langu la mahindi, nikaelekea sokoni.